Namna ya Kuepuka Ajali ya Ndege Ndogo Usiku Baina ya Unguja na Pemba

Rubani anayeondoka Unguja kwenda Pemba baada ya magharibi asiihesabu safari hiyo kuwa ya kuongoza ndege kwa kutazama nje, hata kama anga ni safi, kwani akishaziacha taa za Nungwi huikuta bahari tupu isiyoonyesha mbingu inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Visiwa vyetu viko karibu na ikweta, na giza hutanda dakika 20 hivi baada ya jua kuzama. Kwa kuwa safari yenyewe ni ya nusu saa hivi, abiria mmoja akichelewa jioni, safari ya mchana hugeuka ya usiku. Uamuzi wa kwenda au kulala ufanywe chini, injini ikiwa imezimwa, baada ya kuthibitisha kwamba kiwanja cha Pemba kitakuwa wazi na taa za njia ya kutulia zitawaka.

Hatari kubwa ni mwili wenyewe. Ndege inapoongeza kasi kuingia gizani, sikio la ndani humwambia rubani kwamba pua inapanda mno, naye huisukuma chini ilhali maji yapo karibu. Katika siku za giza, mwezi usipokuwapo, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa baharini zikafanana na nyota, na zikijipanga mshazari huonekana kama upeo wa macho. Rubani akilaza bawa lilingane nazo, ndege huanza kugeuka na kushuka bila yeye kuhisi. Kwa hiyo macho yarudi kwenye vipimo mara kwa mara: mkao wa ndege, kimo, mwendo na mwelekeo. Vikipingana na hisia, vifuatwe vipimo. Asiyefunzwa na kuidhinishwa kuruka kwa vipimo asubiri alfajiri. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye hakuwa na idhini hiyo, alianguka na ndege aliyoirusha mwenyewe baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, pamoja na mkewe na shemeji yake. Wachunguzi walieleza kwamba alipotewa na mwelekeo wakati akishuka juu ya maji usiku, na giza na utusitusi vilichangia.

Wakati wa kutua, taa za njia zikiwa peke yake katikati ya giza humfanya rubani ajione yuko juu mno, akashuka mapema. Dawa yake ni hesabu: kila maili moja ya baharini iliyobaki iwe na kimo cha futi 300 hivi juu ya kiwanja. Taa zikififia au kupotea, apande mara moja, na awe na mafuta ya kumrudisha Unguja.

Anayekodi ndege naye, hata akiwa na msiba unaomsubiri Chake Chake, asimshikilie rubani aliyesema safari iahirishwe hadi asubuhi.