Maneno ya kwenye boksi la glopu: soma haya kabla hujalipa

Ukiingia duka la vifaa vya stima pale Usita wa Mui, hapa Lamu, ukasema "nipe glopu", muuzaji atakuuliza mambo mawili tu, ya pini au ya skrubu, na wati ngapi. Basi. Unalipa, unafika nyumbani unawasha, sebule inakuwa kama wodi ya hospitali na hujui kwa nini. Sababu iko palepale kwenye boksi kwa maandishi madogo, hebu tuyasome.

Wati (W) kwanza manake ndo inayochanganya wengi. Wati si mwanga jamani, wati ni stima inayoliwa. Mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni, kwenye boksi wanaandika lm. Zile glopu za waya za zamani, ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 700 mpaka 800 hivi, leo LED inakupa mwanga huohuo kwa wati 8 au 9, kwa hivyo kuuliza "hii wati ngapi" hakukwambii taa itang'aa vipi. Unaweza kukuta LED mbili zote 9W, moja lm 600 nyengine lm 900, na bei zimepishana kidogo tu, chukua ya pili. Na ukiona boksi limejisifu "sawa na wati 100" tafuta lumeni, zikiwa hazifiki 1300 hivi hizo ni mbwembwe.

Wati zina kazi yake lakini, kwenye tokeni za stima. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Glopu ya waya ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30 imekula yuniti 9. LED ya wati 9 kwa muda huohuo ni yuniti 1.35. Sasa zidisha na vyumba vyako, na ile taa ya ngazini isiyozimwa.

Haya, Kelvini, ile namba yenye K mwishoni. Hii ndo imeharibu sebule yako. Inaonyesha rangi ya mwanga: 2700K mpaka 3000K ni mwanga wa manjano uliotulia, wenyewe wanauita wom waiti, 4000K ni weupe wa kati, 6500K ni deilaiti, weupe unaoelekea buluu. Namba ikipanda ubuluu unazidi. Madukani mara nyingi utapewa 6500 usipotaja, na watu wanaipenda kwa kuwa inaonekana kali, mimi kwa nyumba za mawe za Mkomani naona ni dhambi kabisa. Kuta zile za chokaa ukizipiga 6500 zinapauka, boriti za mikoko juu zinakufa rangi, na vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vinakuwa mashimo tu. Weka 2700 uone nyumba inavyorudi uhai. Kwenye vidaka usitie glopu kubwa, wati 2 au 3 zinatosha, au ule utepe wa LED ufichwe kwenye ukingo ili uone mwanga usiione taa. Jikoni ni habari nyengine, hapo tia 4000 uone miiba ya samaki vizuri.

Kuna pia CRI au Ra, watu hawaitazami kabisa. Ni kipimo cha mpaka 100, kinaonyesha rangi za vitu zinavyoonekana sawa chini ya taa hiyo. 80 yatosha nyumbani, ila kwa anayeshona kofia usiku au anayejipamba kwenye kioo tafuta 90, la sivyo uzi ulioudhani kahawia asubuhi unaukuta mwekundu.

Kitako, pale glopu inapoingia kwenye holda: B22 ni ya pini, E27 ni ya skrubu, E14 ni skrubu nyembamba, GU10 ni zile spoti za dari. Namba ya B na E ni upana kwa milimita, basi.

Volti tazama sana kama nyumba ina sola. Stima ya Kenya ni 240V, boksi liseme 220-240V. Ikiwa stima ya kwenu inapanda na kushuka tafuta iliyoandikwa 85-265V, hiyo inavumilia. Glopu ya 12V ni ya betri, ukiitia kwenye holda ya stima itaungua hapohapo.

Za nje, barazani au kwenye dari ya makuti, soma IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP20 ibaki ndani, IP44 inahimili maji ya kurushiwa, IP65 inahimili hata kupigwa maji kwa mpira wa bomba, kwa hivyo mvua ya masika haiisumbui. Lakini IP haisemi lolote kuhusu chumvi, na sisi huku pepo za bahari zinakula chuma usiku na mchana, taa yenye bodi ya chuma cha kawaida hata ikiwa IP65 skrubu zake zitashika kutu, nunua ya plastiki nzito au ya stenlesi.

Mwisho yale masaa 15,000 unayoyaona kwenye boksi, yaani umri wa glopu. Kwa saa 5 kwa siku ni kama miaka 8, ila LED inauliwa na joto, ukiifungia ndani ya kibuyu cha kioo kisichopumua usitarajie ifike huko.