Somo: Kuchagua rodi na vifaa vya kurambazia nguru kwa boti ndogo

Kurambaza ni kuvua kwa kuburuza chambo nyuma ya boti inayokwenda. Rodi yangu ya kwanza ya kurambazia imelala chini ya bahari, nje ya mwamba, upande wa Tanga. Ilikuwa ya kurushia, futi 11. Nguru alikula nimeinama nakaza mpira wa mafuta, nikasikia "krak", nikageuka kishikio ki kitupu. Sikuwa nimeifunga kamba. Kamba ya shilingi ngapi?

Hatua ya 1: Rodi. Chukua fupi, futi 5 na nusu hadi 6 na nusu, shina gumu, iliyoandikwa ratili 20 hadi 30 (nguvu ya mshipi unaoifaa). Ile ndefu, samaki akipita nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti), ncha inagonga mashine. Mbili zinatosha. Ukiweka nne kwenye boti ya futi 18, kata kona moja tu na mtashinda mkifumua mafundo.

Hatua ya 2: Rili. Pesa iende hapa. Nguru akinasa hutoka mbio mita mia bila kupumua, na dreki (breki ya rili inayoachia mshipi kidogo kidogo) inayokwamakwama itakata mshipi. Tafuta rili ya ngoma inayobeba mita 300 za nailoni ya ratili 30. Dreki usiikisie kwa mkono. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, hiyo hiyo ya kupimia samaki, rodi ikiwa kwenye kishikio, kisha vuta. Ianze kuachia kwenye kilo 3 na nusu hadi 4.

Hatua ya 3: Waya na ndoana. Nailoni tupu kwa nguru ni kumlisha bure. Weka waya wa sentimita 40 hivi. Halafu tazama anavyokula: mara nyingi chambo cha chuchunge (samaki mdogo mwembamba) hurudi kichwa tu, mkia umekatwa kama kwa wembe, na ndoana ya mbele haijaguswa. Kwa hiyo ongeza ndoana ya pili karibu na mkia, iungwe kwa waya pia.

Hatua ya 4: Kurambaza. Kabla ya kuachia mshipi, buruza chambo ubavuni mwa boti ukitazame. Kikizunguka kama feni, kifunge upya. Mshipi mmoja mita 15 nyuma, wa pili mita 35. Chuchunge anataka mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 3 hadi 5; chambo cha plastiki, 6 au 7. Fuata ukingo wa mwamba, maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa buluu, ukiingia na kutoka. Samaki akila, usizime mashine ghafla, mshipi utalegea. Punguza mwendo taratibu, mwenzako akusanye mshipi wa pili.

Ngowe (ndoana kubwa ya kumpandishia samaki), rungu na jaketi za kuokolea viwe karibu, visiwe chini ya madumu.

MASWALI

*Mwalimu, kwa nini nailoni? Dukani wamenisifia uzi wa kusuka.*
Uzi wa kusuka hauvutiki. Boti inakwenda, samaki anakuja kwa kasi, mdomo unachanika. Nailoni inanyumbuka kidogo, hapo ndipo unapopona.

*Shikamoo kaka. Mimi nina ngalawa ya tanga, rodi sina uwezo nazo. Nifanyeje?*
Marahaba dada. Wazee walirambaza kwa mshipi wa mkono na nguru walimpata. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukifunge kati ya mshipi na ngalawa kipokee kishindo cha kwanza. Vidole uvivishe mpira huo huo. Na mshipi usiuzungushe mkononi hata siku moja.

*Rili yangu ya mwaka jana dreki imeganda, ni feki?*
Huenda si feki. Ukirudi unailegeza dreki? Ukiiacha imekazwa miezi, visahani vya ndani vinagandana. Legeza, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya bomba. Usiipige maji ya kasi, utaisukumia chumvi ndani.

*Na hiyo rodi ya Tanga, hukuitafuta?*
Kina cha pima 15, ndugu yangu. Nilimwachia nguru.