Kuandaa seva yenye Tomcat kabla ya kuweka Keycloak

Keycloak ni programu huria inayosimamia nani anaingia kwenye mifumo yako na anaruhusiwa kufanya nini humo. Kuifungua na kuiwasha ni kazi ya dakika chache tu. Kinachowakwamisha wengi ni seva yenyewe, hasa ikiwa tayari ina wapangaji wengine. Mwongozo huu ni wa hali hiyo: Ubuntu 24.04, Tomcat 9 (seva inayoendesha programu za Java) iliyowekwa kwenye /opt ikitumia Java 8, hifadhidata ya PostgreSQL 16, Nginx mbele ikipokea maombi ya watumiaji, na Keycloak toleo la 26.

Anza na jina. Chagua anwani moja ambayo watumiaji watabaki nayo, mfano ingia.example.com, uisajili kwenye DNS na kuipatia cheti cha TLS kabla ya jambo lingine lolote. Keycloak huandika anwani hiyo kama mtoaji ndani ya kila tokeni, yaani kitambulisho cha kidijitali anachopewa aliyeingia, na programu zinazopokea tokeni huilinganisha herufi kwa herufi. Ukianza na namba ya IP kisha ukahamia kwenye jina, tokeni zote zitakataliwa, nawe utalazimika kurekebisha programu moja baada ya nyingine.

Kisha Java. Usisakinishe kitu kabla hujaifungia Tomcat toleo lake. Ukiweka openjdk-21-jre-headless, yaani Java 21 ambayo Keycloak itatumia, Ubuntu huifanya 21 kuwa Java ya seva nzima, isipokuwa kama uliwahi kuchagua toleo kwa mkono. Tomcat ikija kuwashwa upya, labda wiki kadhaa baadaye, programu ya zamani inayotegemea JAXB (maktaba ya Java ya kushughulikia XML) itaanguka, maana JAXB iliondolewa kwenye Java 11. Andika JAVA_HOME ya Java 8 ndani ya bin/setenv.sh ya Tomcat, na ya Java 21 ndani ya faili la huduma ya Keycloak. Kila mmoja abaki na yake.

Angalia poti kwa `sudo ss -ltnp`. Tomcat kwa kawaida imeshika 8080, na Keycloak nayo huitaka hiyohiyo. Ukiwasha vipimo vya afya, Keycloak hufungua pia 9000. Hiyo izuie kwenye ngome ya seva (firewall), si ya watu wa nje. Kwa seva moja yenye Nginx mbele, conf/keycloak.conf iwe na mistari hii:

```
hostname=https://ingia.example.com
http-enabled=true
http-host=127.0.0.1
http-port=8180
proxy-headers=xforwarded
cache=local
```

Nginx ipeleke kwa Keycloak vichwa vya X-Forwarded-For, X-Forwarded-Proto na X-Forwarded-Host, tena iziandike yenyewe badala ya kupitisha alichotuma mtumiaji. Proto ikisahaulika utakutana na ujumbe "HTTPS required" hata kama cheti ni kizima. Weka pia `proxy_buffer_size 16k;` na `proxy_buffers 8 16k;`. Vichwa vya majibu ya Keycloak ni virefu, na nafasi ya kawaida ya Nginx ikijaa, mtu anaona 502 mara tu anapojaribu kuingia.

Hifadhidata ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Usiingie kazini na H2, hifadhidata ndogo inayokuja na Keycloak. Hiyo ni ya majaribio. Kwenye PostgreSQL:

```
CREATE USER keycloak WITH PASSWORD 'nenosiri-refu';
CREATE DATABASE keycloak OWNER keycloak
  ENCODING 'UTF8' TEMPLATE template0;
```

Neno OWNER lisikosekane. Tangu PostgreSQL 15, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda majedwali kwenye skima ya public, hivyo ukimpa haki ya kuunganisha tu, Keycloak itasimama na "permission denied for schema public".

Halafu piga hesabu ya miunganisho. PostgreSQL hukubali 100 kwa chaguo-msingi, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi. Keycloak peke yake inaweza kufungua hadi 100. Tuseme programu iliyo kwenye Tomcat inatumia hadi 40: zimebaki 57, na bado chelezo zinahitaji nafasi. Weka `db-pool-max-size=30` kwenye conf/keycloak.conf. Usipofanya hivyo mambo yatakwenda vizuri hadi asubuhi wengi wanapoingia kwa pamoja, ndipo PostgreSQL itakapokataa miunganisho mipya na kukwamisha Keycloak na ile programu ya zamani kwa pamoja.

Kwa RAM, Keycloak yenye vikao 10,000 kwenye kumbukumbu huhitaji takriban MB 1,250. Tazama safu ya "available" kwenye `free -m`, si "free". Ikiwa haitoshi, ongeza RAM kwanza. Kerneli (kiini cha mfumo) ikiishiwa RAM huua mchakato wowote mkubwa, na unaweza kuwa Tomcat.

Saa ya seva iwe sahihi. Tokeni ya kuingilia huishi dakika 5, na namba za kuthibitisha zinazotolewa na programu ya simu hubadilika kila sekunde 30. `timedatectl` ionyeshe "System clock synchronized: yes"; la sivyo weka chrony, programu ya kusawazisha saa.

Mwisho, tengeneza mtumiaji wa mfumo asiye na uwezo wa kuingia:

```
sudo useradd --system --home-dir /opt/keycloak \
  --shell /usr/sbin/nologin keycloak
```

Faili lenye nenosiri la hifadhidata limilikiwe naye kwa ruhusa 600. Jaribu muunganisho kwa jina lake, `sudo -u keycloak psql -h 127.0.0.1 -d keycloak`. Likikubali, chukua chelezo ya seva nzima, kisha endesha `bin/kc.sh build`.