Somo: Kompyuta inazima yenyewe? Jua kwanza inazima wakati gani

Kila ikifika Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, naletewa kompyuta za mezani zenye ugonjwa mmoja: zinazima zenyewe. Mwenye nayo karibu kila mara ameshatoa hela. Huyu amenunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), yule amepigiwa Windows mara mbili, na mashine bado inazima. Inaniuma, maana nyingi kati ya hizo nimezitibu kwa brashi ya rangi na nusu saa ya kazi. Kwa hiyo fuata hatua hizi kabla hujafungua pochi.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya bisibisi

Kwa siku mbili, kila ikizima andika: imekaa muda gani tangu uiwashe, ulikuwa unafanya nini, taa za nyumbani zilifanyaje, na je, ilizima ghafla kama waya umechomolewa au ilitoa kwanza skrini ya bluu?

Ikizima sekunde chache baada ya kuwashwa, shuku pawa sapulai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), shoti, au feni ya prosesa (ubongo wa kompyuta) isiyozunguka. Ikidumu dakika kumi au ishirini kisha ikazima, hasa ukiangalia video au kucheza gemu, hilo ni joto. Skrini ya bluu huelekeza kwenye RAM, diski au draiva (programu inayoendesha kifaa). Ikizima taa zinapofifia, tatizo ni umeme unaoingia.

Hatua ya 2: Iulize Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha fungua Windows Logs na System. Tafuta saa uliyoandika kwenye daftari. Ukikuta namba 1074, mashine ilizimwa kwa utaratibu, labda na masasisho, na haina ugonjwa. Ukikuta Kernel-Power 41, usishtuke. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine haikuzimwa vizuri, haitaji mhalifu. Fungua maelezo yake uangalie BugcheckCode, yaani namba ya kosa. Ikiwa 0, kwa kawaida Windows haikupata hata nafasi ya kutoa skrini ya bluu, basi nenda kwenye umeme na joto. Ikiwa namba nyingine, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 3: Umeme

Chomoa eksitensheni, stabilaiza na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku moja. Ikitulia, umempata mkosaji. UPS yenye betri iliyokufa huwaka taa vizuri kabisa, ila umeme ukikatika kidogo tu inaiangusha mashine. Betri hizo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano.

Hatua ya 4: Joto na vumbi

Hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunapodanganyika. "Fundi, kwetu baridi hivi, joto litoke wapi?" Baridi ya chumbani haisaidii kama hewa haipiti ndani ya kasha. Kiangazi kuanzia Mei vumbi la barabarani linaingia kila mahali, linajazana kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoza kilicho juu ya prosesa, mpaka linakuwa kama blanketi. Isitoshe, Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na feni ileile inabeba joto pungufu kidogo. Na kuna vitambaa vya kufuma. Napenda sebule iliyopambwa, lakini kitambaa juu ya matundu ya kompyuta kinaikaba pumzi.

Anza na kipimo. Washa mashine ukibonyeza F2 au Delete uingie BIOS, ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows. Nyingi zinaonyesha nyuzijoto za prosesa. Ikipita 80 wakati haifanyi kazi yoyote, haipoi. Prosesa nyingi zikikaribia 100 hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda zinajizima zisiungue. Kuzima huko ni kinga.

Sasa safisha. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toa kasha nje, fungua ubavu, shika kila feni kwa kidole isizunguke, upige vumbi kwa brashi laini kavu na blowa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Wala usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi: kompresa ile hutoa maji pamoja na upepo.

Kama joto bado liko juu, huenda pesti (dawa ya kupitisha joto) kati ya prosesa na hitisinki imekauka. Ondoa hitisinki, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya harage dogo, ufunge skrubu kwa kupishana pembe.

Hatua ya 5: Pawa sapulai

Azima nzima ya aina hiyohiyo, ujaribu. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoshinda hicho. Ukiwa na mita, waya wa njano usomeke kati ya volti 11.4 na 12.6 mashine ikifanya kazi. Angalia pia kapasita (vidude vya duara vinavyohifadhi umeme) kwenye mazabodi, ile bodi kuu: zilizovimba kichwa zimekufa. Nakuomba sana usifungue kasha la pawa sapulai lenyewe. Kapasita zake hubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa, na zinaua.

Hatua ya 6: RAM

Zitoe, futa meno yake kwa kifutio cheupe, rudisha mojamoja. Kisha andika mdsched.exe kwenye kisanduku kile cha Windows na R, uache ipime.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mwanjelwa: Fundi, jirani yangu anachomelea mageti. Akianza tu, kompyuta inazima. Ninunue stabilaiza?

Jibu: Stabilaiza haitunzi umeme kaka, ukikatika kwa kufumba na kufumbua haikusaidii. Nunua UPS yenye betri nzima. Ila taa zikififia hata siku ambayo hachomelei, mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie viunganisho. Waya uliolegea unachoma nyumba.

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo fundi. Yangu haina vumbi, huku mvua haiishi, lakini inazima na ikiwashwa inalia pii pii.

Jibu: Marahaba. Kwenu adui ni unyevu. Mlio huo mara nyingi ni RAM kutogusa vizuri, meno yake yameshika kutu. Fanya hatua ya 6, na usogeze kasha mbali na ukuta unaotoa jasho.

Mwanachama, Makambako: Kamwene fundi. Nimenunua kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani. Nyuma ina swichi nyekundu, imeandikwa 115. Niiwashe?

Jibu: Kamwene dada. Usiiwashe! Umeme wetu ni volti 230. Isukume swichi hadi 230 kwanza, waya ukiwa nje.

Mwanachama, Iringa: Laptopu yangu inazima betri ikiwa bado 30%. Ni vumbi?

Jibu: Hapana, betri imechoka na inatoa hesabu ya uongo. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayokutajia. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, badilisha betri.

Mwanachama, Njombe: Baridi ikizidi tunaingiza jiko la mkaa chumbani ilipo kompyuta. Lina madhara?

Jibu: Majivu yake yanakwenda kwenye feni, ndiyo. Lakini kompyuta iache kwanza: moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala. Toeni jiko hilo nje leo.