SOMO: Zukini za bustanini, upande wa chumvi na upande wa sukari

Habari za jioni wapendwa. Wiki hii watatu wenu mmeniuliza swali lilelile: zukini zimezaa, beseni limejaa, tuzifanyeje? Bustani yangu iko Luchelele, Mwanza, miche minne tu, imekaa kwenye samadi iliyooza vizuri. Mche mmoja hunipa zukini mbili tatu kila baada ya siku mbili, na nyumbani tuko watano. Hayo mabeseni nayajua.

Kwa ambaye hajaipanda: zukini ni ndugu wa boga na mumunye, ya kijani, ina umbo la tango nene, na huliwa ikiwa changa. Toka kupanda mbegu hadi kuchuma ya kwanza ni kama siku 45 hadi 60. Chuma kwa kisu ikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, uache kikonyo kidogo. Pitia kila asubuhi, maana ikijificha chini ya jani, kwa wiki moja tu unaikuta nene kama mguu wa mtoto. Hiyo nayo usiitupe, ina kazi yake hapo chini.

Sasa tuingie jikoni. Wengi waliokata tamaa na zukini wameshindwa na kitu kimoja: maji. Zaidi ya asilimia 90 ya zukini ni maji. Ukiitia kwenye sufuria kama unavyotia bilinganya, ukaweka chumvi mapema na kufunika, itajichemsha yenyewe na utakula uji wa kijani. Ukijua wakati wa kuyatoa hayo maji na wakati wa kuyaacha, zukini hiyohiyo inakubali dagaa na inakubali keki.

Kwanza kabisa: onja

Kata kipande chembamba kibichi, tia ulimini. Zukini nzuri haina makali, ina utamu wa mbali kama tango. Ikiwa chungu, tema, suuza mdomo, tupa yote. Usiseme nitachemsha nimwage maji; uchungu ule ni sumu ya asili ya jamii ya maboga na moto hauiondoi. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee mmoja alifariki baada ya kula zukini chungu iliyotoka bustanini. Mara nyingi uchungu huja kwa mbegu ulizotunza mwenyewe, ambazo ua lake lilichavushwa na boga la mapambo au la porini lililo karibu. Mimi msimu wa tatu nilitunza mbegu ili nisinunue tena. Mche ukazaa vizuri, zukini za kupendeza kabisa, nikaonja ya kwanza, chungu kama mwarobaini. Niling'oa mche mzima siku ileile. Tangu hapo mbegu nanunua kila msimu, na kuonja sijaacha hata kwa zukini ya dukani.

Zukini na dagaa wa karanga

Hiki ndicho chakula kinachopikwa zaidi kwangu. Dagaa wetu wa ziwani tunao, karanga tunazo, na ugali hauna shida nacho.

Vitu: dagaa wakavu vikombe viwili, zukini changa tatu, karanga zilizokaangwa na kutwangwa kikombe kimoja, vitunguu viwili, nyanya tatu, kitunguu saumu, pilipili ukipenda, mafuta, ndimu nusu.

Toa dagaa vichwa na matumbo, kisha waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne. Walioanikwa kwenye vichanja ni safi kuliko walioanikwa chini, ila hata hao waoshe. Punje moja ya mchanga inaharibu sufuria nzima. Wakaushe maji, wakaange kwenye mafuta hadi walie kau-kau, watoe pembeni.

Katika mafuta machache yaliyobaki, moto ukiwa mkali, weka zukini ulizokata vipande vinene kama kidole cha mwisho. Usitie chumvi. Usifunike. Usigeuzegeuze. Ziache upande mmoja upate rangi ya kahawia, geuza mara moja, dakika nne kwa jumla, toa. Hapo maji yanatoka kama mvuke badala ya kubaki kwenye mchuzi.

Sasa kaanga vitunguu, saumu, nyanya mpaka mafuta yajitenge. Koroga karanga kwa maji ya moto kikombe kimoja na nusu ziwe kama uji mwepesi, mimina, punguza moto, koroga kwa mwiko hadi chini kabisa, maana karanga hushika. Dakika kumi. Rudisha dagaa, chemka dakika tatu. Zukini ndizo za mwisho, pamoja na chumvi na ndimu. Zikichemka dakika mbili epua. Ukizitia mwanzo na nyanya, kazi yote ya kuzikaanga umeitupa.

Bajia za zukini

Hapa maji lazima yatoke. Kwangua zukini mbili za wastani, kama nusu kilo, kwa kikwangulio cha karoti. Usimenye ganda. Nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai, changanya, acha dakika 20. Weka kwenye kitambaa safi, kunja, kamua kwa nguvu zako zote; utashangaa bakuli litakavyojaa. Kwenye ile iliyobaki tia yai moja, unga wa ngano vijiko vinne au vitano vya chakula, kitunguu kilichokatwa vidogo, majani ya giligilani, binzari nyembamba na pilipili. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja bajia ya kwanza. Chota kwa kijiko, bonyeza bapa kwenye mafuta ya moto, dakika tatu kila upande. Ukitumia unga wa dengu badala ya ngano hata yai huhitaji, na kwa ladha mimi naona dengu inashinda.

Yale maji uliyokamua yana chumvi tayari. Kandia unga wa chapati, usiongeze chumvi nyingine. Chapati zinatoka na kijani kidogo na zinakaa laini mpaka kesho yake.

Keki ya zukini juu ya mkaa

Watu wakisikia keki ya mboga wananiangalia vibaya, kisha wanaomba kipande cha pili. Mboga yenyewe huionji. Inachofanya ni kuipa keki unyevu, na hapo ndipo yale maji yanapokuwa rafiki: keki hii haina maziwa wala maji ya kuongeza.

Unga wa ngano vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, mayai matatu, mafuta ya kupikia nusu kikombe na vijiko viwili, zukini iliyokwanguliwa vikombe viwili, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo sana, iliki kijiko kimoja cha chai iliyotwangwa muda huohuo, mdalasini nusu kijiko.

Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito. Ongeza mafuta taratibu. Zukini ikamue kidogo tu kwa mkono mmoja, bila chumvi, ibaki na unyevu. Ichanganye na mayai. Chekecha unga na vitu vikavu, mimina, koroga kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane, kisha acha. Ukiendelea kukoroga keki inakuwa ngumu kama andazi la juzi.

Moto: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ipashe dakika kumi, weka ndani chombo cha keki ulichopaka mafuta na unga, funika kwa mfuniko wa bati. Chini acha makaa machache, juu ya mfuniko weka mengi. Usifunue kabla ya dakika 35. Kuanzia dakika 45 choma kwa kijiti katikati; kikitoka kikavu epua. Mwenye oveni, nyuzi 175, muda ni huohuo.

Ile kubwa iliyokomaa

Ipike kama mumunye la nazi la futari. Menya, toa mbegu na sponji ya katikati, kata vipande vikubwa. Kwa kilo moja tia tui jepesi kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, iliki, chumvi kidogo. Maji usitie hata tone. Moto mdogo hadi vilainike bila kuvurugika, mwisho tui zito, tikisa sufuria badala ya kukoroga. Nazi hapa kwetu inatoka mbali na bei yake tunaijua, kwa hiyo siku nyingine natumia karanga mbichi nilizosaga na kuchuja. Inatoka nzito zaidi, na nyumbani kwangu watoto wanaipenda kuliko ya nazi.

Karibuni na maswali.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Igoma: Shikamoo mama. Zukini zangu hazina uchungu lakini dagaa wangu ndio wanakuwa wachungu. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Matumbo hayo, au umewaunguza. Dagaa akifika rangi ya dhahabu mtoe, ataendelea kujikaanga kwa joto lake.

Kutoka Buswelu: Mama, keki yangu juu imepiga rangi vizuri ila katikati mbichi. Nilifuata kila kitu isipokuwa zukini niliweka vikombe vitatu kwa sababu zilikuwa nyingi.

Basi umelijua kosa lako, dada. Kikombe cha tatu kimeleta maji ambayo unga huo hauwezi kuyabeba. Vikombe viwili, na usishindilie. Halafu angalia makaa ya juu: yakiwa makali sana, ngozi inafunga kabla katikati haijaiva. Yatoe matatu manne ukiona rangi inawahi. Hiyo iliyobaki mbichi usimpe mtu, ina mayai. Kata vipande vyembamba, vipange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, funika hadi viive kabisa mpaka katikati. Vinaliwa vizuri na chai.

Kutoka Nansio, Ukerewe: Huku mayai yamepanda bei. Naweza kupika keki bila yai?

Unaweza, kaka. Ndizi mbivu zilizoanza madoa, moja ya wastani kwa kila yai, ponda mpaka ziwe laini. Keki itakuwa nzito na itachukua dakika kumi zaidi. Punguza sukari kwa vijiko vitatu, ndizi zina zake. Na kwa kuwa machungwa mnayo, kwangua ganda la chungwa moja utie humo, iliki usitie. Mimi ningekula hiyo kabla ya ile ya mayai.

Kutoka Kisesa: Mama yangu mzazi ana kisukari, amesoma somo amefurahi akidhani keki hii inamfaa kwa kuwa ni ya mboga. Nimwambie nini?

Mwambie nampa pole, na kwamba zukini yenyewe ina wanga kidogo sana, inamfaa, ila keki ni keki: ina kikombe kizima cha sukari na vikombe viwili vya ngano. Apikiwe zukini ya dagaa, aongeze zukini kwenye sahani na apunguze ugali. Bajia za dengu chache, mafuta yakachujwe vizuri. Kiasi cha kila kitu akipange na wanaomtibu. Na wewe usipike keki siku mnayokula naye mezani. Ni vigumu mtu kukaa anatazama.

Kutoka Nyakato: Mmea wangu una maua mengi ya njano lakini yanadondoka bila kuzaa. Hilo ni swali la bustani, samahani.

Hakuna samahani, jikoni kunaanzia bustanini. Hayo ni maua dume, ndiyo hutangulia. Yana kikonyo chembamba kirefu. Jike lina kizukini kidogo nyuma ya ua. Subiri wiki moja hadi mbili. Majike yakitokea na bado yanadondoka, nyuki hawakufikii: asubuhi na mapema chuma dume lililofunguka, toa majani yake, paka ile chavua ndani ya jike. Madume yanayozidi yanaliwa. Toa kikonyo cha ndani, angalia wadudu, chovya kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano na chumvi, kaanga dakika moja. Yachume siku ileile unayopika, hayalali.

Kutoka Magu: Mtoto wangu wa miaka minne akiona kijani anasukuma sahani.

Menya ganda, kwangua, kamua, changanya na nyama ya kusaga kwenye katlesi za viazi. Akishazoea ladha, acha ganda kidogo kidogo. Usimdanganye akikuuliza ni nini.

Kutoka Sengerema: Mama, sina friji. Zikizidi nazitunzaje?

Nzima bila kuoshwa, kivulini kwenye kapu, zinakaa siku tatu hivi kabla hazijalegea. Zaidi ya hapo fanya kama wazee wetu wanavyofanya michembe (viazi vitamu vya kukausha) na nsansa (mboga za majani za kukausha): kausha. Kata vipande vyembamba kama sarafu, vipange bila kugusana kwenye kichanja, funika kwa chandarua kuzuia nzi. Kwa jua la Julai na Agosti ni siku mbili hadi tatu, jioni uziingize ndani umande usizipate. Zinakuwa tayari zikivunjika ukizikunja, zikipinda bado. Tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Siku ya kupika loweka kwa maji ya moto dakika 20, kamua, zitie kwenye karanga moja kwa moja bila kukaanga. Ladha inakuwa nzito kuliko mbichi. Wiki ya kwanza fungua chupa kila siku uangalie. Ukiona unyevu kwenye kioo, zirudishe juani siku hiyohiyo.