Namna ya Kuanza Urubani wa Kompyuta kwa Safari Fupi ya Dar es Salaam hadi Unguja

Mchezo wa kuigiza urubani wa ndege za kiraia hauna adui, hauna pointi, wala hauna hatua ya mwisho inayomtangaza mshindi. Kwa sababu hiyo watu wengi huufungua, huchagua ndege kubwa kuliko zote, huiangusha baada ya dakika kumi, kisha huufuta wakiamini kwamba hauna utamu. Utamu upo, lakini humjia mtu aliyejifunza kufanya jambo gumu kwa usahihi, na njia ya karibu zaidi ya kuufikia ni kuchukua ndege ndogo, safari fupi na mahali unapopafahamu. Hata mchezo wa Microsoft Flight Simulator, ulipotoka mwaka 1982, ulikuwa na sehemu ndogo ya kupigana angani kwa ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Sehemu hiyo baadaye iliondolewa, na wapenzi wa mchezo waliendelea kuongezeka.

Chagua kwanza programu inayolingana na kompyuta yako. Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lina sura ya dunia iliyojengwa kwa picha za setilaiti, lakini linahitaji GB 150 za nafasi na intaneti nzuri. Mwenye kompyuta ya kawaida atumie FlightGear, ambayo ni ya bure na imekuwa ikiendelezwa na watu wanaojitolea tangu miaka ya 1990. Ukiweza, nunua joistiki (fimbo ya kuongozea), hata ya bei ndogo, mradi iwe ile inayoweza pia kuzungushwa kushoto na kulia, kwa kuwa mzunguko huo ndio utakaogeuza usukani wa mkiani. Kibodi peke yake huchosha na humnyima mtu ule wepesi wa mkono ambao ndio nusu ya raha.

Ndege iwe Cessna 172, yenye viti vinne na injini moja. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, zaidi ya 44,000 zimeundwa, na marubani wengi duniani wamejifunzia humo, kwa hiyo huvumilia makosa. Kasi yake husomwa kwa maili za baharini kwa saa, na maili moja ya aina hiyo ni mita 1,852.

Kabla ya kuwasha injini, fikiria upepo, maana ndege huruka na kutua ikiukabili. Namba ya njia ya kurukia hueleza mwelekeo wake wa dira ikiwa imeondolewa tarakimu ya mwisho: njia ndefu ya Uwanja wa Julius Nyerere ni 05 upande mmoja, yaani nyuzi 50 hivi, na 23 upande wa pili, ile ya Unguja ni 18 na 36, kwa hiyo imelala kusini-kaskazini. Hapa mtu wa pwani ana elimu aliyorithi. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, utaruka kwa 05 na kutua Unguja kwa 36, ukiingia moja kwa moja kutoka baharini. Kusi ikivuma, itakubidi uupite uwanja kwa upande wa magharibi, juu ya maji, usogee hadi karibu na Mji Mkongwe, kisha ukate kona mbili za kulia na kutua kwa 18. Pepo zilezile zilizopanga safari za majahazi ndizo zitakazokupangia safari yako, na sijui mchezo mwingine unaomrudishia mtu maarifa ya namna hii. Hata hivyo, kwa safari ya kwanza weka upepo mdogo wa kaskazi kwa mkono. Hali halisi ya hewa, ambayo programu huweza kuipakua, itakuja baadaye.

Ongeza nguvu ya injini taratibu hadi mwisho. Ndege itavutwa kushoto kwa sababu ya rafadha, yaani panga la mbele linalozunguka, nawe uizuie kwa kugeuza usukani wa mkiani kulia. Kasi ikifika 55, vuta joistiki kidogo, uiache ipande kwa kasi ya 75 hivi, kisha ugeuke kuelekea kaskazini, kwa kuwa Unguja iko karibu kaskazini kabisa, umbali wa maili 39 za baharini.

Ukifika futi 3,500, punguza nguvu na utumie trimu, gurudumu dogo linaloishikilia pua ya ndege mahali ulipoiweka. Wanaoanza hulipuuza, wakatumia safari nzima kushindana na joistiki. Ukilizoea, unaweza kuachia mkono na ndege ikabaki imetulia. Usiwashe otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe. Kwa kasi ya 110 una dakika ishirini na kidogo za kutazama: kisiwa cha Mbudya upande wa kulia unapoiacha pwani ya Kunduchi, Bagamoyo mbali kushoto, kisha maji matupu, halafu kisiwa kidogo cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, kikitokea kushoto mbele yako. Linganisha unachokiona na ramani na saa. Chumbe ikitokea kulia, basi upepo umekusukuma, na utajua ni kwa kiasi gani.

Anza kushuka zikibaki maili 12 hivi, kwa futi 500 kila dakika. Katika maili tatu za mwisho shusha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, ushike kasi ya 65, na uwe juu ya uwanja kwa futi 300 kwa kila maili iliyobaki. Macho yako yasiondoke mwanzoni mwa njia: ukiona mwanzo huo unasogea juu katika kioo, uko chini mno, ukiona unasogea chini, uko juu mno. Karibu na ardhi ondoa nguvu, tazama mbali mwishoni mwa njia, na uinue pua polepole kana kwamba hutaki magurudumu yaguse. Ukiona mambo yamevurugika, ongeza nguvu, panda na uzunguke upya. Marubani wa kweli hufanya hivyo.

Andika daftarini muda wa safari, upepo na ulivyotua, kisha urudie njia hiyohiyo mara tano kabla ya kubadilisha chochote. Mara ya sita, weka hali halisi ya hewa ya siku hiyo, uzime ramani ya mchezo, na uitafute Chumbe kwa dira na saa peke yake.