Mtoto anatoka jasho sana: mguse wapi, uangalie nini

Wazazi wenzangu, hii ishu ya jasho inatutesa sana hasa ukiwa na mtoto wa kwanza. Unamlaza mkavu kabisa, baada ya dakika 20 unamgusa kichwa kimelowa chapachapa kama katoka kuoga sasa hivi, na shuka ina duara la maji pale alipoweka kisogo. Wa kwangu alikua hivyo na mi nikawa silali, kila saa nipo juu yake nampapasa. Kwa hiyo naandika vile nimejifunza ili usihangaike kama nilivyohangaika.

Kwanza ujue kichwa kulowa usingizini kwa watoto wengi ni kawaida kabisa. Kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake na joto jingi linatokea hapo, mwili wenyewe bado haujazoea kujipangia joto, halafu kichanga hajigeuzi kama sisi, kichwa kinakaa palepale kwenye godoro. Akiamka anacheka, ananyonya, anaongezeka kilo, basi tulia.

Sasa kabla hujaogopa mguse. Usimguse mikono wala miguu, hiyo inaweza kuwa ya baridi hata kama mtoto anaungua kwa joto, na hapo ndo wengi tunakosea tunaongeza soksi na blanketi. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani ndani ya nguo. Ukikuta ngozi ya moto na ina majimaji, kazidishiwa nguo. Vua moja, subiri dakika 10, gusa tena. Ikiwa imepoa na jasho limekata umeshapata jibu.

Kwenye nguo, chukua ulichovaa wewe ongeza kimoja tu, na kukiwa na joto usiongeze kitu, hata fulana nyepesi na nepi inatosha. Pamba ni nzuri kuliko vitambaa vya nailoni. Wakubwa nyumbani watakwambia mtoto atapigwa baridi, wasikilize kwa heshima lakini kofia ya kulalia ndani ya nyumba vua, sababu kichwa ndo njia yake ya kutoa joto. Hapa naomba sana msipuuzie maana mtoto kuzidiwa na joto usingizini ni moja ya vitu vinavyoongeza hatari ya kichanga kufariki ghafla akiwa amelala. Alale chali, bila mito, bila mablanketi mazito karibu na uso. Feni washa tu ila isimpige moja kwa moja. Na kigari chake usikifunike na shuka kumkinga jua, ndani kunakua kama oveni.

Mwenye miezi chini ya 6 akitoka jasho usimpe maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mkubwa mpe maji kidogo kidogo. Angalia nepi, zikipungua sana, mdomo mkavu, analia bila machozi au utosi umebonyea, huyo kapungukiwa maji, mpeleke hospitali.

Vile vipele vidogo vya joto shingoni na kwenye mikunjo, muogeshe maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa na taulo usisugue, muache wazi kidogo apigwe na hewa. Poda achana nayo, vumbi lake akilivuta linaingia mapafuni. Na dawa za kuzuia jasho za watu wazima usimpake kabisa.

Sasa kuna jasho ambalo halitaki kusubiri. Kijasho chembamba wakati wa kunyonya kipo, mmekumbatiana wote mna joto, weka kitaulo chepesi kati ya mkono wako na kichwa chake. Ila kama kila akinyonya jasho linamtiririka kwenye paji la uso, anahema haraka, ananyonya kidogo anaachia anapumzika anaanza tena, anachoka analala kabla hajashiba, na kilo haziongezeki, huyo apimwe moyo. Kunyonya kwa kichanga ni kama wewe kupanda ngazi mbio, kama moyo una tatizo utaliona hapo. Na usiseme mbona alizaliwa mzima, baadhi ya matundu ya moyo dalili zake zinaanza kuonekana mtoto ana wiki kadhaa, mmesharudi nyumbani siku nyingi. Midomo au ulimi ukiwa wa bluu ni dharura, nenda saa hiyohiyo.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa katulia au kalala, mfunue tumbo, weka saa, hesabu linavyopanda dakika 1 nzima usikate katikati. Ikifika 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 mpaka mwaka, au 40 kwa wa mwaka 1 mpaka 5, hizo ni haraka, mpeleke. Mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi usingoje hata kuhesabu.

Homa nayo tumia kipimajoto, mkono unadanganya. Mtoto chini ya miezi 3 akifika 38 ni hospitali, usimpe dawa ukasubiri asubuhi. Yule anayelowa usiku huku anakohoa wiki 2 na anakonda apimwe kifua kikuu, na anayekoroma sana na pumzi inakatika katikati ya usingizi naye aonwe. Wapo pia wanaotoka jasho viganjani na nyayoni tu mchana kutwa na wana afya njema, hao taja tu siku ya kliniki.

Ukienda kwa daktari usiseme tu "anatoka jasho". Andika kwenye simu siku 3: saa ngapi, alikua anafanya nini, kavaa nini, kanyonya dakika ngapi. Mrekodi video fupi akinyonya kifua kikiwa wazi, sababu ukifika pale mtoto anakua mkavu na mchangamfu kama hakijawahi kutokea kitu. Mi nilirudishwa nyumbani mara 2 kabla sijaonyesha video. Na kadi ya kliniki yenye uzito usiisahau.